Sindano Mkononi, Siri Sikioni

Watu watano wamekaa sebuleni, katika kijiji cha Uingereza, wanasimuliana mafumbo. Mmoja alikuwa mkuu wa polisi wa Scotland Yard, wa pili ni kasisi, wa tatu wakili, wa nne mchoraji, wa tano mwandishi wa riwaya anayejiona mjuzi wa nafsi za watu. Wamekubaliana kwamba kila Jumanne mmoja wao ataeleza tukio ambalo yeye peke yake anaujua mwisho wake, na wengine watajaribu kulifumbua. Wanajihesabu na kuona wako watano; mchoraji anasema ingefaa wawe sita. Hapo ndipo kikongwe mmoja, kwenye kiti kirefu, anapowakumbusha kwa upole kwamba wamemsahau. Amekaa papo hapo muda wote, anafuma kitu cheupe cha sufu laini. Na nyumba ni yake.

Hivyo ndivyo Agatha Christie alivyomleta Miss Jane Marple duniani, katika hadithi fupi iliyotoka Desemba 1927, “The Tuesday Night Club”. Mwaka 1932 ilikusanywa pamoja na nyingine 12 katika kitabu The Thirteen Problems. Nilizisoma kwanza kwa macho. Baadaye nikazisikiliza huku nikifuma, na katika kusikiliza ndipo liliponijia jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita. Karibu katika hadithi zote hizo Miss Marple haendi kokote. Hapimi nyayo, hafungui makabati, haoni maiti. Anasikiliza sauti inayosimulia, sindano zinakwenda, na msimulizi anaponyamaza, jibu analo. Ukilisema kwa maneno ya siku hizi, bibi huyu alikuwa akifuma na kusikiliza kitabu.

Wapo wanaosema kwamba kusikiliza riwaya huku mikono ikifuma ni kusoma nusunusu, kwamba kitabu kinageuzwa kuwa sauti ya kufukuzia upweke. Siwaafiki. Kwa aina nyingine za riwaya huenda tungebishana. Kwa riwaya ya upelelezi, mfumaji anayesikiliza amekaa kwenye kiti chenyewe ambacho hadithi hizi zilitengenezewa.

Tazama mambo anayoyafanya msomaji wa macho. Anapima kwa kidole gumba kurasa zilizobaki, anajua kwamba mtu aliyekamatwa mapema hivi hawezi kuwa muuaji. Anaona kwa mbali aya fupi iliyosimama peke yake, anahisi kuna kishindo. Akizidiwa na shauku, anafunua ukurasa wa mwisho. Kama jina limemponyoka anarudi nyuma kulitafuta. Msikilizaji aliyeshika sindano mbili na uzi uliozungushwa kidoleni hana hata moja kati ya hayo. Hawezi kuruka mbele bila kuweka kazi chini, na akiiweka chini katikati ya safu, mishono inaweza kuponyoka. Basi anakaa. Hadithi inakwenda kwa mwendo wake, na yeye anakwenda nayo, neno baada ya neno, kama mtu aliyekuwamo chumbani siku ya tukio. Kila jina lazima alishike mwenyewe. Kila saa inayotajwa, kila kikombe kilichohamishwa kutoka meza moja kwenda nyingine, lazima akiweke mahali akilini, maana hakuna karatasi ya kurudia.

Waliotengeneza vitabu vya kusikiliza walilijua hilo kabla yetu. Uingereza, huduma ya vitabu vya namna hiyo kwa wasioona ilianza Novemba 1935. Aliyeipigania zaidi, Ian Fraser, alipofuka kwa risasi mwaka 1916 katika vita vya Somme, akiwa kijana, na alijua vizuri taabu ya askari waliorudi bila macho na wenye vidole visivyozoea kusoma nukta za Braille. Vitabu vilirekodiwa kwenye sahani za santuri zilizozunguka polepole, kila upande ukichukua takriban dakika 25, kisha mtu anainuka kuigeuza. Vitabu vya kwanza kabisa kutolewa vilikuwa Typhoon ya Joseph Conrad na The Murder of Roger Ackroyd ya Christie. Yaani katika fasihi yote ya Kiingereza, wazee wale walianza na dhoruba ya baharini na mauaji ya kijijini. Chaguo hilo la pili linanipendeza kila ninapolikumbuka.

Roger Ackroyd ilitoka mwaka 1926, na hadi leo watu hugombana juu ya mwisho wake. Sitautaja. Nitasema tu kwamba kitabu chote ni sauti ya mtu mmoja, daktari wa kijiji, anayesimulia kwa utulivu na adabu, na msikilizaji humwamini kama mgonjwa anavyomwamini daktari wake. Tena mna mahali ambapo watu wanasikia sauti ya mtu nyuma ya mlango uliofungwa, na kila mmoja wao anachukulia kwamba ilipo sauti, mwenye sauti yupo. Sasa wafikirie wale wasioona wa mwaka 1935, wamezunguka mashine, wanasikia mtu asiyekuwamo chumbani akiwasomea habari hiyo. Hakuna msomaji wa macho aliyewahi kuwekwa karibu hivyo na kiini cha siri. Pia nyumbani humo yumo dada yake daktari, Caroline, mwanamke anayejua habari zote za kijiji bila kutoka nje; Christie mwenyewe aliandika kwamba huenda Miss Marple alichipuka kutokana na furaha aliyoipata katika kumchora Caroline.

Mfano ninaoupenda kuliko wote uko katika A Murder Is Announced, ya mwaka 1950. Tangazo linatoka katika gazeti la mtaa: mauaji yatafanyika katika nyumba fulani, Ijumaa, saa kumi na mbili unusu jioni, marafiki wakaribishwe. Majirani wanafika, kila mmoja na kisingizio chake. Saa inagonga, taa zinazimika, mlango unafunguliwa, kurunzi inawamulika usoni, risasi zinalia. Baadaye polisi wanapouliza, kila mtu anaeleza aliyoyaona. Aliyoyaona, gizani! Inachukua muda mrefu kabla mtu hajatambua kwamba wengi wao hawakuona kitu. Walisikia, kisha wakajichorea picha. Ukikisikiliza kitabu hiki umeinamia sufu yako, unajikuta umefanya vilevile. Umechora chumba, umewapanga watu, umeweka kurunzi mkononi mwa mtu, na nusu ya hayo hukuambiwa na yeyote.

Halafu inakuja sentensi ya maneno matatu. Wanawake wawili wanaoishi pamoja wanajaribu kukumbuka nani alikuwa amesimama wapi. Simu inalia, mmoja anakimbilia gari, na mwenzake, aliyeachwa mlangoni, anapata nuru ghafla na kumpigia kelele kwamba yule mwanamke hakuwapo pale. Gari limeshaondoka. Suala zima linabaki juu ya neno gani lilibeba uzito. Kama uzito ulikuwa juu ya “yule”, maana yake watu wengine walikuwapo, ila yeye hakuwapo. Kama ulikuwa juu ya “pale”, basi alikuwa mahali pengine. Kama ulikuwa juu ya kukanusha, tena ni jambo jingine. Kwenye karatasi mchapaji huwa na herufi za kulala za kumsaidia. Msomaji wa sauti hana pa kujificha: lazima aitamke, na kila namna ya kuitamka ni ushahidi. Nimeirudia sehemu hiyo kwa wasomaji tofauti, nikiwa nimesimamisha sindano, na ninakiri kwamba hakuna kazi ya sauti inayonisisimua kama hiyo.

Ndiyo maana si kila sauti nzuri inafaa kusoma hadithi za namna hii. Msomaji mbaya hukaza sauti palipo na dalili, kana kwamba anakukonyeza. Msomaji mzuri hutamka neno lenye siri kwa mwendo uleule anaotamkia bei ya samaki. Joan Hickson aliijua kazi hiyo. Alianza kuigiza Miss Marple katika televisheni ya BBC mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 78, akaendelea hadi 1992, na alisoma pia baadhi ya riwaya hizo kwa ajili ya wasikilizaji. Sauti yake ni kavu kidogo, haina haraka, na haimwoni msikilizaji kuwa mtoto. Christie naye alizoea kuongea na mashine. Mwaka 2008 mjukuu wake alikuta katika nyumba ya Greenway, kule Devon, kanda ambazo bibi yake alizirekodi miaka ya 1960 akitunga habari za maisha yake. Zina zaidi ya saa 13. Mwandishi aliyetunga kwa mdomo namna ile hakushangai ukimsoma kwa sikio.

Sasa mikono. Wafumaji tunajua kwa uzoefu kwamba akili haitangitangi sana vidole vikiwa na kazi, na hilo si letu peke yetu. Mwaka 2009 mtafiti wa Uingereza, Jackie Andrade, aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu unaochosha. Nusu yao walipewa karatasi ya kutiatia rangi vijumba na viduara wakiwa wanasikiliza. Hao walikumbuka mambo zaidi kwa asilimia 29 kuliko waliokaa mikono mitupu. Kutia rangi si kufuma, na ujumbe ule haukuwa na maiti ndani yake, kwa hiyo silikuzi jambo hilo kupita lilivyo. Lakini linaelekea kule ninakokujua. Mtu aliyekaa bure akisikiliza huondoka bila kujitambua, anaanza kuwaza ada ya shule. Sindano humrudisha.

Na kumbukumbu huingia kwenye kazi yenyewe. Nina sweta ya kijivu niliyomfumia binti yangu. Nikiutazama mkono wake wa kushoto nasikia Miss Marple akizungumza na tajiri mgonjwa, Mzee Rafiel, katika A Caribbean Mystery, na pale mabegani ndipo yule meja mzee wa hotelini alipofungua pochi ili aonyeshe picha, kisha akanyamaza kwa sababu ya kitu alichokiona nyuma ya bega la msikilizaji wake. Charles Dickens alimpa Madame Defarge, katika A Tale of Two Cities ya mwaka 1859, ufumaji wa namna ya kutisha: mke wa mwenye baa anayeandika kwa mishono majina ya watu watakaouawa mapinduzi yakifika. Sufu yangu haina chuki ile. Ila ninaelewa Dickens alikuwa ameona nini: kwamba mwanamke anayefuma kimya anaweza kuwa anatunza daftari.

Kuna jambo la kulinganisha kitabu na kazi, na hapa nina misimamo. Skafu iliyonyooka, mshono wa aina moja tangu mwanzo hadi mwisho, ndiyo ya kufumia riwaya yenye washukiwa wengi; vidole vinajiendesha na akili yote iko huru kwa ajili ya mirathi na wosia. Sweta yenye michoro kifuani, inayodai uhesabu kila baada ya mishono michache, haivumilii riwaya kama hiyo; itakupa mshono uliopotea au muuaji aliyepotea. Kwa kazi hiyo chukua hadithi fupi, na hapo The Thirteen Problems haina mpinzani. Soksi, wakati wa kugeuza kisigino, zima kabisa. Riwaya za Elvis Musiba, zile za jasusi Willy Gamba kama Kikosi cha Kisasi, nazipenda sana, lakini si za kufumia: risasi zikianza mikono huganda, ukija kushtuka donge la uzi limeviringika hadi chini ya kochi.

Nimtaje pia Miss Silver, wa Patricia Wentworth, ambaye wasomaji wengi hawamjui. Alikuwa mwalimu wa watoto wa nyumbani kabla ya kuwa mpelelezi wa kulipwa. Alianza katika Grey Mask ya mwaka 1928, akafikisha riwaya 32. Huyu hufuma wakati mteja wake anaeleza shida, nguo za watoto wa ndugu zake, bila kukoma. Wentworth haandiki kwa werevu wa Christie, na mapenzi katika vitabu vyake yana sukari nyingi kwa ladha yangu. Lakini aliona jambo la kweli kuhusu maungamo. Mtu hawezi kusema neno zito mbele ya macho yaliyomkodolea. Macho yakiwa kwenye sindano, ulimi unalegea.

Wala jambo hilo halikuhitaji kutoka Uingereza ili tulijue. Mwambao wa Afrika Mashariki umejaa kazi za mikono zinazofanywa pamoja na masikio. Unguja na Pemba wanawake wanasuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka, na anayesuka hautazami kila wakati. Vidole vinajua zamu ya kila jani. Wanaoshona kofia za mkono hutoboa na kuzungushia nyuzi vitundu vidogo mno, na kofia moja nzuri huchukua wiki nyingi. Kazi ya muda mrefu hivyo haifanyiki kwa kimya. Inafanyika kwa habari za mtaa, kwa paukwa pakawa za usiku, na tangu transista zilipoingia, kwa redio. Bara nako, Njombe au Limuru, kwenye baridi inayodai sweta za shule, na katika kila nyumba yenye vitambaa vya kroshia juu ya makochi, ni hivyohivyo. Redio Tanzania ilipoanza mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, alisikilizwa na watu waliokuwa wanachambua mchele, wanapiga pasi, wanafuma. Haikuwa hadithi ya upelelezi, lakini ilifanya kazi ileile: watu walibaki na swali hadi kipindi kijacho, na katikati ya vipindi walihojiana juu ya Mkwaju kana kwamba anakaa mtaa wa pili.

Kwa hiyo masikio tunayo, na mikono yenye kazi tunayo. Na hadithi pia tunazo, za kiwango cha juu. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Unguja mwaka 1918, alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960. Baada yake zikaja Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa na, mwaka 1984, Kosa la Bwana Msa. Wahakiki wamezoea kumweka Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hizo, karibu na Sherlock Holmes, kwa sababu ya kiko chake na rafiki yake Najum. Kiko ni cha Holmes, sikatai. Namna ya kufikiri, kwa maoni yangu, ni ya Miss Marple. Kesi zake nyingi zimelala katika nasaba zilizofichwa, nani amezaliwa na nani, ndoa ipi ilifungwa lini, mtoto yupi alilelewa wapi, na mambo hayo hayaonekani kwa kioo cha kukuzia. Yanasikika, katika mazungumzo, kwa mtu mwenye subira ya kuwaacha wengine waseme. Hata uchawi na mizimu ambayo watu wa vitabu hivyo wanaiogopa, Bwana Msa huisikiliza kwa makini, kwanza kama maneno yaliyosemwa na mtu fulani kwa faida fulani.

Ningetamani kuzisikiliza riwaya hizo saba zikisomwa mfululizo, tangu mzimu wa kwanza hadi kosa la mwisho. Faraji Katalambulla naye, ambaye Simu ya Kifo yake ya mwaka 1965 inabeba sauti ya simu tangu kwenye jina. Na Ben Mtobwa, kwa siku za kufuma kitu chepesi, mpelelezi wake Joram Kiango akiwa katika hila zake. Bwana Msa lakini angehitaji msomaji wake mahususi: mtu aliyekulia katika Kiswahili cha Unguja, mwanamke ikiwezekana, mwenye umri wa kutosha kujua jinsi jirani anavyouliza hali ya nyumbani kwako huku anatafuta jingine. Chumba kimoja kisicho na mwangwi, ruhusa ya wenye haki za vitabu, miezi kadhaa ya kazi. Ningemwomba jambo moja tu kabla hajaanza: kwamba pale mtu anapojibu swali la Bwana Msa na kusema uongo wake mdogo, uongo ambao kitabu kizima kimesimama juu yake, asiukaze hata kidogo, aupite kama anavyopita “karibu ndani”, na aniachie mimi niushike.